Maombi 163, majibu 9: nimechoka kutafuta kazi ya kompyuta

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi Manyatta hapa Kisumu. Nilisomea sayansi ya kompyuta Maseno, kisha nikaajiriwa na kampuni changa ya Nairobi kuandika programu za malipo. Nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, mshahara shilingi 120,000. Nilikaa nao miaka mitatu na miezi minne.

Oktoba mwaka jana tuliitwa kwenye mkutano wa video, watu 14. Ndani ya dakika 11 tukaambiwa pesa za wawekezaji zimekauka na sisi hatuhitajiki tena. Kufikia jioni barua pepe yangu ya kazi ilikuwa imefungwa. Walinilipa mwezi huo tu. Mkataba wangu uliandikwa "mshauri huru", kwa hivyo sikudai kitu, ingawa kompyuta ilikuwa yao, mkutano wa saa tatu asubuhi ulikuwa wa lazima kila siku, na hata likizo niliiomba kwa meneja.

Tangu siku hiyo nimetuma maombi 163. Nayahesabu kwa sababu sina kingine cha kuhesabu. Mengi ni ya kampuni za Marekani na Ulaya zinazosema unaweza kufanyia kazi popote. Sita nilielekezwa na watu: wenzangu wa zamani wanne, mhadhiri wangu, na jirani. Nimejibiwa mara 9, na majibu matano yametoka kwa hao sita. Nimefika mahojiano mara nne. Ya kwanza stima ilipotea katikati. Ya pili nilijiunga saa kumi na mbili jioni tulivyozoea, kumbe New York walikuwa wamebadilisha saa wikendi hiyo, nikawa nimechelewa saa nzima. Ya tatu nilishindwa na jaribio la kuandika msimbo huku mtu ananitazama. Ya nne nilifika hadi mwisho kabisa, wakaniambia nafasi imesimamishwa kwa sababu ya bajeti.

Sasa siamki mapema tena. Kompyuta naifungua saa sita mchana, natuma maombi kumi bila kusoma vizuri, naifunga. Nikiona mtu ametangaza LinkedIn kwamba amepata kazi, tumbo linanikata.

Binamu ya baba ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi karibu na Kibuye. Ananitaka nikawe mtu wake wa kompyuta: risiti za eTIMS (mfumo wa ankara wa mamlaka ya mapato, KRA), hesabu za M-Pesa, kamera. Shilingi 30,000, Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili hadi saa kumi na mbili. Dada yangu naye ananiambia nihamie kwake Umoja, Nairobi, kwa sababu "kazi ziko huko". Na kuna kozi ya akili unde (AI) ya shilingi 85,000 ambayo nafikiria kuilipia kwa mkopo wa Sacco.

Mama yangu wa Yala hajui lolote. Bado namtumia 5,000 kila mwezi, na miezi mitatu sasa nazitoa kwenye Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Mwezi uliopita ada peke yake zilikuwa 690. Mwisho wa mwezi huu naenda nyumbani, kuna mchango wa karo ya mdogo wangu, na najua natarajiwa kusimama na kutoa.

Jambo la mwisho: juzi mtu alinitumia jaribio la msimbo, akanitaka niliendeshe kwenye kompyuta yangu kwanza ndipo tuzungumze. Sijalifungua. Sijui kama nimepoteza bahati.

Nichukue kazi ya duka? Niende Nairobi? Na hamu niitoe wapi?

Aliyechoka, Manyatta

*

Marahaba, dada yangu wa Manyatta.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Unauliza maswali matatu, lakini naona yamefungwa kamba moja: unaamini miezi tisa ya kunyamaziwa imekupa jibu kuhusu uwezo wako, na sasa unatafuta njia ya kuondoka kwa heshima. Kabla hujaondoka, tusome pamoja hesabu uliyoiandika kwa mkono wako.

Maombi sita ya kuelekezwa yamezaa majibu matano. Maombi 157 yaliyobaki yamezaa manne. Sita ni idadi ndogo, siwezi kujenga nyumba juu yake, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kuipuuza. Hamu yako imeishia kwenye zile 157, mlango ambao karibu haufunguki, na huo mwingine umeugonga mara sita tu kwa miezi tisa. Sishangai umechoka. Mtu akivuta maji kwa ndoo iliyotoboka, mkono utauma hata kama una nguvu.

Halafu yale mahojiano manne. Moja liliuawa na stima, moja na saa za New York, moja na bajeti ya mwajiri. Ujuzi wako ulikuangusha mara moja. Ulipoandika "nimeshindwa mara nne" moyoni mwako (najua uliandika), ulijihesabia makosa matatu yasiyokuwa ya msimbo.

Kuhusu huo mlango wa 157, nikueleze kidogo kwa nini umekuwa mgumu, ili usiendelee kuutafsiri kama hukumu. Kuanzia Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sufuri hadi zaidi ya asilimia 5 kufikia Julai 2023. Pesa za wawekezaji, ambazo zamani zilitafuta pa kukaa, zikapata pa kulala bila hatari. Kampuni zenyewe kubwa zikapunguza watu: Meta 11,000 Novemba 2022, Google 12,000 na Microsoft 10,000 Januari 2023. Hao wote wakaingia kwenye foleni hiyohiyo yako. Kampuni changa za huku kwetu zilizoishi kwa pesa hizo ziliumia. Sendy, ya usafirishaji wa mizigo, ilifungwa 2023; Copia, ya kuuza bidhaa mtandaoni, ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi Mei 2024. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: tangu 2022 sheria ya kodi ya Marekani inazitaka kampuni za huko kugawanya gharama za kutengeneza programu nje ya nchi kwa miaka 15 badala ya kuzikata zote mwaka huohuo. Kwa kazi ya ndani walilegezewa 2025. Kwa mtu wa Kisumu, hapana. Hiyo ni sababu mojawapo utaona tangazo linasema "popote", kisha mstari wa chini unataka mtu aliye Marekani. Soma mstari huo kwanza. Utaokoa maombi mengi.

Sasa hamu. Unauliza uitoe wapi, kana kwamba ni mafuta yanayotangulia safari. Kwa kazi ya kutafuta kazi, mara nyingi huja nyuma ya jambo dogo lililokamilika. Tatizo la kuhesabu maombi ni kwamba unahesabu kitu ambacho mwisho wake uko mikononi mwa mtu mwingine. Jaribu wiki tatu kuhesabu vitu vilivyo mikononi mwako: watu watano uliowaandikia kwa wiki, maombi manne yaliyoandikwa kwa uangalifu, maswali matatu ya msimbo uliyoyatatua kwa sauti. Asubuhi saa tatu hadi saa sita, basi. Ukishafika hapo, funga, hata kama umebakiza. Mchana ni wa kujenga kitu au kutafuta kibarua. Arifa za LinkedIn zizime kabisa. Uingie mara mbili kwa siku, uandike ulichokuja kuandika, utoke.

Kuandikia watu kuna ufundi wake. Usimwambie mtu "naomba unisaidie kupata kazi", kwa sababu hana pa kushikia ombi hilo. Tafuta nafasi iliyotangazwa kwanza, kisha mwandikie: nafasi ni hii, kiungo ni hiki, nimefanya malipo ya M-Pesa miaka mitatu, je, unaweza kupeleka wasifu wangu kwa anayeajiri? Mistari minne inatosha. Akinyamaza siku saba, mkumbushe mara moja tu. Ulifukuzwa pamoja na watu 13; hao wametawanyika kwenye kampuni mbalimbali, na wewe umewasiliana na wangapi? Kundi la wanateknolojia la LakeHub hapa mjini, wahadhiri, waliokutangulia Maseno, wote hao ni milango.

Wasifu wako wa kazi sijauona, ila nina jaribio la dakika mbili. Fungua faili lake la PDF, nakili maandishi yote, yabandike kwenye ukurasa mtupu. Kama umelipanga kwa safu mbili zenye visanduku vya rangi, huenda ukaona tarehe za kazi zimeingia katikati ya jina la chuo. Programu zinazochuja wasifu zinaweza kusoma mchanganyiko huohuo. Safu moja, vichwa vya kawaida, na kila mstari wa kazi useme ulifanya nini na kikabadilika nini.

Mambo ya stima na saa yana dawa ya bei nafuu. Betri ndogo ya kushikilia ruta, bando kwenye simu iliyo tayari kugawa intaneti, na sentensi moja mwanzoni mwa mahojiano: "Mtandao ukikatika nitarudi kwa simu ndani ya dakika mbili." Anayehoji akishaambiwa, hatashtuka. Kuhusu saa: Marekani hubadili Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, Ulaya hubadili Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatubadili. Saa nne asubuhi ya New York ni saa kumi na mbili jioni kwetu wakati wa baridi yao, na saa kumi na moja wakati wa joto. Mwombe mwajiri atume mwaliko wa kalenda, simu yako itapiga hesabu yenyewe.

Lile jaribio ulilotumiwa, umefanya vizuri kutolifungua. Tangu 2023 wataalamu wa usalama wameonya kuhusu waajiri bandia wanaowatumia wanaprogramu msimbo wenye sumu: ukiuendesha tu, unaiba nywila na funguo zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Mwajiri wa kweli hatakataa kuzungumza nawe kidogo ukimwomba. Ukiwa na hamu ya kujua, soma faili la package.json (orodha ya vifurushi na amri za mradi) bila kusakinisha chochote, uangalie kama kuna amri inayojiendesha wakati wa kusakinisha. Na ukilazimika kuliendesha, liwe ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) isiyo na akaunti zako. Na akija mtu kutaka kukodi akaunti yako au uso wako kwa mahojiano ya mtu mwingine, pesa hizo zina kesi ndani yake.

Duka la Kibuye. Unaliona kama kushindwa, na kuna hatari ya kweli humo: siku sita, jumla ya saa kumi kila siku, utafika nyumbani umeisha, na zile saa tatu za asubuhi zitakuwa zimekwenda. Ndugu wa ukoo naye ni mwajiri mgumu kumwacha. Lakini je, umeuliza kama ni lazima liwe kama alivyolitaja? Mwenye duka anachohitaji ni hesabu zikae sawa. Tangu Januari 2024 gharama zisizo na ankara ya eTIMS hazikubaliwi na KRA katika kukokotoa kodi, kwa hivyo wateja wake wakandarasi watamdai ankara hizo kila siku. Ungeweza kumwendea na pendekezo la karatasi moja: siku tatu kwa wiki, miezi mitatu, kazi iliyotajwa, malipo yaliyotajwa, sehemu ikilipwa mwanzoni. Anaweza kukataa. Utakuwa umejua.

Kazi hiyo ina kitu ambacho huenda hukukiona. Kulinganisha malipo ya M-Pesa na ankara ndiko hasa ulikotoka. Ukimtengenezea mfumo kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, utakutana na yale yanayoulizwa kwenye mahojiano: mteja aliyetumiwa ombi la malipo hajalipa mpaka ResultCode (namba ya jibu) irudi 0. Ikirudi 1032 ameghairi mwenyewe, 1 salio halitoshi, 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Wakati mwingine jibu halifiki kabisa, na wakati mwingine linafika mara mbili. Usipohifadhi CheckoutRequestID (namba ya kipekee ya ombi hilo) na kukataa kuiandika mara ya pili, mteja mmoja ataonekana kanunua saruji mara mbili. Andika kurasa mbili ukieleza ulivyoyatatua hayo, uziweke GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo, kwa takwimu za kubuni. Usiweke namba za simu za wateja wa kweli, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda, wala funguo za siri za Daraja. Mtu akikuuliza miezi tisa ulikuwa wapi, una jibu la kuonyesha.

Umoja sijui. Dada yako ana haki kwamba Nairobi kuna mikutano na ofisi nyingi zaidi, na kuelekezwa na watu ndiko kunakokufaa. Ila majibu yako matano ya kuelekezwa uliyapata ukiwa Manyatta. Pengine kabla ya kuhamisha kitanda, ungejaribu wiki mbili kwa dada ukiwa na miadi sita uliyoipanga ukiwa bado hapa. Ukikosa hata miadi miwili kabla ya kupanda basi, hiyo nayo ni habari.

Kozi ya 85,000 nitakuuliza swali moja tu: katika yale mahojiano manne, ingeokoa lipi? Lile la tatu lilihitaji mazoezi ya kutatua maswali kwa sauti, mtu akikutazama, na hayo mwenzako mmoja wa zamani anaweza kukufanyia bure Jumamosi mbili. Akili unde inafaa kujua, sikatai. Lakini mkopo wa Sacco una wadhamini, na wadhamini ni watu.

Kuna pesa nyingine ambayo umeiacha mezani, na hapa ndipo kalamu yangu ilisimama. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inataka anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya maandishi ya mwezi mmoja, kwa mfanyakazi na kwa afisa wa leba, na alipe fidia isiyopungua malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Wewe umekamilisha mitatu: siku 45. Ukigawa 120,000 kwa siku 30, ni 4,000 kwa siku, jumla 180,000, mbali na mwezi wa notisi na likizo usizochukua. "Mshauri huru" ni jina kwenye karatasi. Mahakama huangalia pia uhusiano wenyewe, na wewe umeniandikia bila kujua: kompyuta yao, mkutano wa lazima, likizo kwa ruhusa. Watabisha, na kampuni iliyofilisika inaweza kukosa cha kulipa hata ukishinda. Bado nenda ofisi ya leba hapa Kisumu na mkataba, taarifa za benki na jumbe za siku ile. Kuuliza ni bure. Mahakama ya Ajira ina kituo mjini, na muda wa kudai ni miaka mitatu tangu kufutwa. Pia dai cheti cha utumishi.

Mwili wako nao. Kuchelewa kuamka kunaweza kuwa uchovu tu. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo usingizi umepotea, chakula hakishuki, au umeanza kuona afadhali usingekuwepo, usisubiri kazi ipatikane kwanza. Nenda hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, au upige 1199 ya Msalaba Mwekundu, simu hiyo ni bure. Na bima yako ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, sasa iko juu yako mwenyewe. Piga *147# uone imesimama wapi.

Mwisho, Yala. Sitakwambia useme wala usiseme, mama yako unamjua wewe. Nakuuliza tu: zile 690 ulizokatwa, ni ada ya nini hasa? Naona ni gharama ya siri, na itapanda siku ya mchango utakaposimama mbele ya watu. Unaogopa kwamba atavunjika moyo. Inawezekana. Inawezekana pia anashangaa kwa nini sauti yako imebadilika tangu Oktoba. Ukiamua kumwambia, fika Ijumaa jioni, mchango ukiwa Jumamosi, umwambie mkiwa jikoni kabla wageni hawajafika; na umpe kiasi unachoweza kweli, hata kama ni 1,000, akitangaze yeye mwenyewe au asikitangaze. Ukiamua kunyamaza, basi angalau Fuliza isiwe ndiyo inayosimama kutoa kwa niaba yako.

Niandikie ukishaonana na afisa wa leba. Nataka kujua alisemaje kuhusu hilo neno "huru".